Mdhamini wa Tatu

Nitaanza na ubaya wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa wengine wakiwa wameutia chumvi. Mimi Kaloki nina kinyongo. Kupiga mtu sijawahi, na matusi siyapendi, lakini neno likiniingia haliondoki. Nalilisha, nalinywesha, nalifungia zizini jioni na kulifungulia asubuhi. Mke wangu Ndinda husema ukinikosea leo nitakukumbusha siku ya kiyama, na hapo hasemi uongo.

Neno nililolifuga kwa miaka ishirini na sita ni hili: Kiilu alimchukua dada yangu Kasyoki bila kuleta ntheo.

Ntheo, kwetu Wakamba, ni mbuzi watatu. Majike wawili na beberu mmoja. Beberu anachinjwa, watu wa mvulana na watu wa msichana wanamla pamoja, na kuanzia hapo msichana ni mke wa mtu. Mahari nyingine inaweza kungoja hadi uzeeni, hata mtoto akaja kumlipia babake, lakini ntheo haingoji. Unaweza kuwa na cheti cha kanisa kwenye fremu, picha ya keki ukutani na watoto wanne, wazee bado watakuuliza kama mbuzi walifika. Kama hawakufika, huyo mwanamke ni wa kwao bado, na akifa, kwao wana haki ya kuja kumchukua wakamzike.

Kiilu alikuwa rafiki yangu. Tuliendesha malori ya kampuni moja, Mombasa mpaka Malaba, yeye nyuma yangu au mimi nyuma yake, na tukisimama Mtito Andei tulilala chumba kimoja ili tuokoe pesa. Krismasi moja nikamleta nyumbani Kikima. Mama akampikia muthokoi wa mahindi na maharagwe, akamkaangia na kuku. Mwaka uliofuata Kasyoki alikuwa Ikutha kwa huyo huyo Kiilu, na tumbo mbele. Nilipomuuliza, alisema mbuzi watakuja mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha, mbuzi hawakuja. Baadaye ikawa kiangazi, ikawa karo, ikawa kujenga. Sisemi Kiilu ni mtu mbaya. Ni mtu wa kesho. Mama alikufa bila kuonja beberu wa binti yake, na wiki ile ya mwisho aliniuliza mara mbili kama watu wa Ikutha wametaja siku. Hilo ndilo lililonikaa.

Basi, miaka miwili iliyopita figo za Kasyoki zilikufa. Akaanza kwenda kusafishwa damu kwa mashine, Kitui mjini, kila Jumatano na kila Jumamosi. Mashine yenyewe ililipwa na bima. Barabara haikulipwa na mtu. Ikutha hadi Kitui si karibu, na foleni ya mashine haingoji mgonjwa, kwa hivyo alitoka nyumbani majogoo hawajawika, akakaa wima garini kwa saa mbili na zaidi, akalazwa kwenye mashine kwa saa nne, presha ikashuka, kichwa kikamzunguka, na hapo ndipo anaanza kungoja gari la kurudi lijae abiria. Alikuwa anatembea na kopo la kutapikia kwenye mkoba. Alikuwa anaona aibu sana, dada yangu, kutapika mbele za watu.

Walijaribu kupanga chumba Kitui. Kasyoki alikaa humo miezi miwili akakataa. Alisema hataki kufia nyumba ya kupanga, na tena Ikutha kulikuwa na shamba na vibanda viwili vya biashara walivyokodisha, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinawalisha. Mwezi wa pili mwaka huu akamwambia mumewe kwamba ataenda kwenye mashine mpaka Pasaka, halafu basi. Hakulia, hakugombana. Alisema tu amechoka na gari, si na mashine, lakini moja haliji bila lingine. Na Kasyoki akisema jambo halirudi nyuma. Kwa hilo mimi na yeye tulitoka tumbo moja.

Kiilu hakulala tena vizuri kuanzia siku hiyo. Akazunguka akitafuta njia, na njia akaipata Mtito Andei, kwa Thuo. Huyu Thuo ni mtu wa Murang'a, ana nyumba ya wageni pale kando ya barabara tangu sisi tukiwa vijana, na anatujua wote wawili. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na gari-nyumba. Lilikuwa lori kuukuu la Mercedes, la mwaka themanini na tisa, ambalo wazungu wawili, mume na mke, walikuwa wamelijengea nyumba mgongoni wakalizungusha nchi nyingi. Macho ya yule mzee wa kizungu yalipoharibika, walimuuzia Thuo wakapanda ndege kwenda kwao. Thuo alidhani atalikodisha kwa watalii wa Tsavo. Akakodisha mara tatu, basi. Likawa linakaa pale, kuku wanataga chini yake.

Kiilu akanipigia simu niende nilikague, kwa sababu mimi najua malori, na pia kwa sababu hata katika kinyongo changu tulikuwa tunasalimiana na kusaidiana. Nikaenda. Betri ilikuwa imekufa, tairi mbili zilikuwa zimeisha, na pampu ya maji ilikuwa inavuja. Lakini injini, tulipoiwasha kwa betri ya gari la Thuo, ilishika mara ya pili na ikatulia. Injini za miaka ile hazifi, zinazeeka tu. Nilisikiliza gia, nikalala chini nikaangalia chasisi kwa tochi, na nikamwambia Kiilu ukweli, kwamba gari ni zima na bei ya laki tisa si ya wizi.

Kasyoki alikuwa amekuja naye. Akapanda zile ngazi za nyuma taratibu, ameshika bega la mumewe. Ndani kulikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, choo kidogo chenye mlango wake, na kitanda kipana upande wa nyuma chenye dirisha usawa wa mto. Alikaa kitandani, akapapasa godoro, akalala. Akaniambia niendeshe. Nikaliendesha barabarani mpaka kituo cha mafuta cha mwisho na kurudi, taratibu, maana breki zilikuwa bado sijaziamini. Tulipofungua mlango wa nyuma tulimkuta amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, viatu amevua akavipanga sakafuni kama nyumbani kwake. Kiilu akaegemea mlango akalia. Thuo akageuka akajifanya anafukuza kuku.

Alipoamka alisema neno moja ambalo sote tulilisikia. Alisema, "Kwa hili nitaenda hata miaka kumi."

Kwa hivyo jambo lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Gari likipatikana, Kasyoki ataendelea na mashine. Lisipopatikana, Pasaka ndiyo mwisho.

Thuo alifanya uungwana. Alitaka laki moja mkononi ili alishike gari, na zilizobaki akakubali kungoja mkopo. Ila alisema hiyo laki moja haitarudi mkopo ukikataliwa, kwa sababu kuna mtu mwingine wa Emali anayelitaka. Kiilu alikuwa na hiyo laki moja kwenye simu, pesa ya mbuzi wake wa mwisho wa mwisho. Akaona asiitoe mpaka ahakikishe mkopo. Nani angemlaumu?

Mkopo ulikuwa wa Sacco yetu ya madereva, ambayo mimi na Kiilu tulijiunga siku moja. Msichana wa mikopo pale Mtito anaitwa Kagure. Ana heshima na hana maneno mengi. Alitueleza kwamba gari lingekuwa jipya kidogo, lenyewe lingesimama kama dhamana, lakini gari la umri ule Sacco hailitambui. Linahesabiwa kama chuma. Kwa hivyo Kiilu alihitaji wadhamini watatu, wanachama, ambao akiba zao zikijumlishwa zinafika deni. Mbogo, aliyekuwa dereva mwenzetu, akatia sahihi. Kivuva akatia sahihi. Wote wawili akiba zao zilikuwa ndogo. Yangu ndiyo ilikuwa nzito, kwa sababu mimi sijawahi kukopa. Wanachama wengine wenye akiba kama yangu walikuwa tayari wamejifunga kwa watu wengine. Kwa kifupi, bila mimi ile fomu ilikuwa karatasi.

Siku niliyoitwa ofisini niliamka Kikima nikavaa koti. Naapa nilipotoka nyumbani nilikuwa nakwenda kutia sahihi. Njiani ndipo lile neno lilipoamka. Nikafikiri: huyu mtu kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ananihitaji. Nikafikiri juu ya mama. Nikafikiri pia, na hili ndilo nililojipa kama ngao, kwamba Kasyoki akifa leo tutabishana juu ya maiti yake, na nimeona maiti zikikaa mochari miezi mitatu kwa ajili ya mbuzi ambao hawakuletwa. Kufika ofisini nilikuwa nimejaa.

Kagure akanisogezea fomu, akanipa kalamu. Niliishika. Kisha nikaiweka mezani.

Nikamwambia Kiilu, mbele ya Kagure na mbele ya Mbogo, "Nimeambiwa hapa nimdhamini shemeji yangu. Wewe hujawa shemeji yangu. Lete ntheo, na siku hiyohiyo nitatia sahihi."

Mbogo alicheka, akidhani ni utani. Aliponitazama usoni akaacha. Kiilu akasema mbuzi wake ameuza wote, na kwamba mimi najua ameuzia wapi na kwa nini. Ni kweli nilijua. Kila Alhamisi ya soko pale Ikutha alikuwa anatoa mmoja au wawili, na pesa inakwenda kwenye nauli. Akaniomba basi nitie sahihi kwanza, ataleta baadaye. Hapo ndipo aliponichoma.

"Baadaye umesema miaka ishirini na sita," nikamwambia. "Dawa ya deni ni kulipa."

Akataka kunitumia pesa ya mbuzi watatu kwa simu, palepale. Watu siku hizi wanafanya hivyo, na wazee wanakubali. Nikakataa. Nilitaka mbuzi wenye miguu, nilitaka wazee wa kwao, nilitaka Kiilu aingie uwanjani kwangu na kamba mkononi, Kikima nzima ikiona. Huo ndio ukweli. Yale ya maiti na mochari yalikuwa ya kweli pia, lakini hayakuwa ndiyo yaliyoongea mdomoni mwangu siku ile.

Nilipomwambia Ndinda, hakunipakulia chakula. Aliketi akanitazama. Ndinda si mwanamke wa kelele, na laiti angepiga kelele ningejua la kumjibu.

"Baba Mwongeli," akaniambia, "unamdai Kiilu, lakini anayelipa ni Kasyoki."

Nikamwambia mambo ya ukoo wangu aniachie. Nikamwambia desturi haikutungwa na wajinga. Nikamwambia Kiilu ana ndugu wanne Ikutha, wenye mifugo, hawatakosa kumchangia mbuzi watatu kwa ndugu yao. Hili la mwisho nililisema kwa sauti kubwa, kwa sababu nilijua kiangazi kilikuwa kimewapitia wale ndugu pia. Nilijua. Sikutaka kujua.

Na mbuzi watatu, bwana, hawaji peke yao. Wanakuja na blanketi la bibi wa nyumba, sukari, majani, soda za vijana, gari la kukodi la kuleta wazee, na chakula cha njiani. Halafu wazee wa Kikima hawapatikani siku ya kazi, ni Jumamosi. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na mazishi. Ya pili mmoja wao alikuwa na mkutano wa kanisa. Ikawa Jumamosi ya tatu, wiki moja kabla ya Pasaka. Kila aliponipigia Kiilu kuuliza siku, nilimjibu kwa utulivu wa mtu ambaye hana haraka.

Walikuja watu saba. Mbuzi walikuwa wazuri, hakuna mkongwe hata mmoja. Niliwafungua midomo nikaangalia meno, mbele za watu. Kiilu alikuwa ameshika kamba ya beberu, amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine, mikono mirefu. Nilichokuwa nimekitaka nikakiona, na nilifurahi. Sifichi. Nilifurahi, nikasema moyoni, mama, tazama.

Kasyoki ilibidi awepo, maana ntheo hailiwi mwenyewe hayupo. Kwa hivyo siku ile hakwenda kwenye mashine. Nesi alimwambia atampenyeza Jumatatu. Aliketi sebuleni kwangu kwenye kochi, amefungwa leso mpya, miguu imevimba haiingii viatu, nywele zimeshaanza mvi. Mzee mmoja akamuuliza, kama wanavyoulizwa wasichana, kama nyama iliwe. Wanawake wakacheka kidogo. Kasyoki akasema iliwe. Yeye mwenyewe hakula, nyama ilikuwa imekatazwa na daktari.

Walipokuwa wanakula, Kiilu akatoa ile fomu kwenye bahasha. Nikaitia sahihi pale mezani, katikati ya sahani, mkono ukiwa na mafuta. Watu wakapiga makofi. Mzee wao akasema sasa sisi ni watu wamoja. Kisha nikaenda kuketi karibu na dada yangu, nimeshiba, moyo mweupe, nikamwambia mambo yote yamekwisha, Jumatatu nitakwenda nao mwenyewe kwa Thuo na kwa Kagure.

Kasyoki alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya.

"Kaloki," akasema, "hiyo mnayokula ni laki moja ya Thuo. Wewe ulitaka mbuzi. Mimi nilitaka kitanda."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza Kiilu nje, kando ya tangi la maji. Akanieleza bila kuninyooshea kidole. Ndugu zake walikuwa wamempa pole na gunia la mahindi. Mbuzi watatu, blanketi, gari la wazee na vingine vyote vilikuwa vimetoka kwenye ile laki moja, na hapakuwa na iliyobaki. Nikamkaripia kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani najua. Wageni walikuwa wanaimba ndani. Nilisimama pale nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na hata hiyo aibu niliimeza ili wageni waondoke vizuri.

Jumatatu asubuhi na mapema nilikuwa benki, nikatoa laki moja yangu, nikampigia Thuo. Thuo akaniacha niseme yote. Halafu akaniambia gari liliondoka Jumapili, limechukuliwa na yule mtu wa Emali, ambaye anataka kulifanya kibanda cha kuuzia chakula na ameshang'oa kitanda. Nikamwambia Thuo amekosa utu. Akasema si hivyo, mzee Kaloki. Alimpigia Kiilu Ijumaa usiku amuulize mara ya mwisho, na Kiilu akamwambia amuuzie tu huyo mwingine, yeye hana pesa tena.

Ijumaa. Kwa hivyo Jumamosi, alipoingia uwanjani kwangu na kamba mkononi, Kiilu alikuwa anajua gari hatalipata tena. Na fomu alinipa nitie sahihi akijua. Nilimuuliza baadaye kwa nini alikuja, kama alijua. Alisema Kasyoki ndiye aliyemwambia waje. Alimwambia, maliza na Kaloki, nisikuache na deni lake.

Nesi alimngoja Kasyoki Jumatatu, hakutokea. Jumatano hakutokea.

Alhamisi nikanunua godoro zuri, la inchi nane. Nikalitandika nyuma ya pikapu yangu, nikafunga turubai juu kuzuia jua na vumbi, nikaweka mto na mashuka mawili ya Ndinda. Nikaendesha kutoka Kikima hadi Ikutha bila kusimama popote isipokuwa kuweka mafuta. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitahamia kwao. Kila Jumanne jioni na kila Ijumaa jioni nitamlaza kwenye godoro nimpeleke Kitui, nilale kwenye kiti cha mbele, nimrudishe. Sina kazi nyingine, nimestaafu. Kwa nini sikulifikiria hilo mwezi mmoja nyuma? Mungu ndiye anajua, na mimi najua pia.

Nilimkuta amelala chumbani, uso umejaa maji, anapumua kwa kazi. Alifurahi kuniona, akauliza kama nimekula. Nikamwambia aamke, gari liko nje, kuna godoro, tunakwenda Kitui sasa hivi, nimeshaongea na nesi. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Nikapandisha sauti, kama nilivyokuwa nikimpandishia tukiwa watoto akikataa kwenda mtoni. Nikasema mimi ni ndugu yake mkubwa na ninamwamuru.

Kasyoki akangoja nimalize. Ilibidi apumue kwanza.

"Zamani ungeniamuru," akasema. "Ulipokea mbuzi, Kaloki. Ukawala. Mimi sasa ni wa Kiilu. Ukitaka kunipeleka mahali, muombe yeye."

Hakusema kwa ubaya. Aliona ni sheria, na ni kweli ni sheria, niliisimamia mimi mwenyewe mbele ya watu. Nikageuka kwa Kiilu, aliyekuwa amesimama mlangoni. Nikamwomba. Mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu, nikamwomba Kiilu kwa jina la mama yangu amruhusu mkewe twende. Nilimshika mkono.

"Shemeji," akaniambia, "nimemwomba tangu Jumatatu, nimepiga magoti. Amekataa. Siwezi kumbeba kama mzigo."

Nikaketi nao mpaka jua likaelekea kutua. Kasyoki alitaka habari za Kikima, nani ameolewa, nani amefukuzwa kwenye kwaya, kama parachichi zimepata bei. Nikamweleza. Alicheka mara moja, aliposikia ya kwaya. Kisha akasema niende kabla ya giza, maana macho yangu si ya zamani. Nilirudi na godoro likiwa vilevile nyuma ya pikapu, mashuka yamenyooka.

Alikufa siku ya tisa tangu siku ya ntheo. Kiilu alikuwa amemshika.

Tulimzika Ikutha, kwenye boma la mume wake. Wazee wa Kikima walikwenda wote, na hakuna aliyebisha juu ya mahali pa kaburi. Yule mzee wetu aliyekuwa ameuliza kama nyama iliwe alipewa nafasi ya kuongea. Akasema ukoo wetu umepata heshima siku hii, kwamba majirani wangapi wamezika kwa vita na polisi, lakini sisi tumezika kwa amani, na anayestahili shukrani ni Kaloki, aliyesimama imara mpaka mambo yakafanywa kwa utaratibu. Watu wakanitazama wakitikisa vichwa kwa kukubali. Wengine walinipa mkono. Ndinda, aliyekuwa ameketi kando yangu, aliinuka akaenda kuketi na wanawake.

Baada ya wiki mbili Kagure akanipigia simu. Alinipa pole, akasema amesikia. Akasema mkopo wa Kiilu ulikuwa umekubaliwa na kamati, laki nane kamili, lakini mwenyewe amemjulisha kwamba hautaki tena. Kwa hivyo anataka kuifuta ile fomu ili akiba yangu iwe huru, na anahitaji tu nikubali kwa mdomo.

Nikamwambia asiifute. Jina langu likae hapo, mimi ni mdhamini wa Kiilu.

"Lakini mzee," akasema kwa upole, "haina kazi tena."

"Najua," nikamwambia. "Ilikuwa na kazi siku ile uliponipa kalamu."